Upande wa Kibla

Jirani yangu alijifungua juzi, na jana nikaenda kumpa hongera. Nilikuta wanamsafisha mtoto kitovu kwa spiriti, na shangazi mmoja, ambaye naona hajui kipimo, akammiminia poda mgongoni mpaka chumba kizima kikawa cheupe. Harufu hizo mbili zikakutana puani mwangu. Nikakaa mkekani kabla sijakaribishwa. Watu wakadhani ni jua la Garissa limenipiga, wakaniletea maji, nikanywa, sikuwaeleza.

Spiriti peke yake hainifanyi kitu, na poda peke yake pia. Zikichanganyika tu, nina miaka kumi tena, nimesimama katika chumba cha wagonjwa mahututi, nimevaa gauni la kijani linaloburura sakafuni, nikimtazama mwanamke mfupi akimpaka hooyo mchanganyiko huo visiginoni. Hooyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu, na hooyo wakati huo hakuwa akimsikia mtu yeyote.

Tulikuwa watu wa Balambala. Aabo, baba yangu, alikuwa amefuata malisho na ngamia upande wa Wajir, na mwaka ule mvua zilikuwa zimetuhini, kwa hiyo hakuna aliyejua yuko kisima gani. Hooyo alijifungua mtoto wa kiume nyumbani, salama, tukachinja mbuzi. Siku ya tatu akaanza kulalamika kichwa. Siku ya nne akasema haoni vizuri, na kabla jua halijapanda, mwili ukamkakamaa, akaanza kurusha miguu, ulimi umebanwa na meno. Majirani wakasema ni majini, nami niliwaamini, kwa sababu kile kilichokuwa kikimtingisha hooyo hakikufanana naye hata kidogo. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba ule ulikuwa kifafa cha mimba, na kwamba kinaweza kumshika mama hata baada ya kuzaa.

Abti, mjomba wangu, hakungoja mashauri ya majini. Alitafuta gari la kwenda hospitali ya Garissa, akambeba dada yake mikononi, akamketisha ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, nyuma pamoja naye. Kichanga alibaki na habaryar, mdogo wake hooyo, aliyekuwa akinyonyesha wa kwake. Mimi sikuwa katika mipango yao. Abti alikuwa ameshawasha gari aliponiita nipande, na alinichukua jinsi mtu anavyochukua tochi, kwa sababu nilikuwa na Kiswahili.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka Kiswahili chetu cha darasa la nne. Tulijua kusimama kwa pamoja na kuimba "Shikamoo mwalimu", na kuandika insha kuhusu siku ya michezo ambayo shule yetu haikuwahi kuwa nayo. Nyumbani hakikusemwa. Abti alikuwa na kile cha sokoni, cha kusifu mbuzi na kukataa bei, na ayeeyo hakuwa na neno hata moja. Hospitalini wauguzi wanaojua Kisomali walikuwapo katika wodi nyingine, lakini katika chumba kile, zamu ya mchana, muuguzi wa hooyo alikuwa Sista Kanini, Mkamba kutoka Kitui. Sheria ilikuwa watoto wasiingie. Sista Kanini alimtazama ayeeyo, akajaribu kumuuliza jambo, akajibiwa kwa Kisomali kirefu, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika mlango.

"Huyu si mtoto," akamwambia mwenzake. "Huyu ni mdomo wa bibi. Mwoshe mikono aingie."

Sista Kanini alikuwa mfupi hata akawa na kijistuli cha kupandia akitundika dripu, na alikisukuma kwa mguu kutoka kitanda hadi kitanda bila kukitazama. Nilidhani mtu anayetunza wagonjwa wa kufa kupona lazima awe mkubwa, mwenye sauti, kama mwalimu mkuu wetu. Huyu alikuwa na sauti ya mtu anayemwamsha mtoto alale vizuri. Lakini hakuna kilichompita. Alikuwa akiandika jambo kwenye karatasi, na mdundo wa ile mashine ukibadilika kidogo tu, ameshainua kichwa. Alipima mkojo wa hooyo kila saa, na aliushika ule mfuko juu, akausoma dhidi ya mwanga wa dirisha kwa makini yaleyale ambayo maalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa nayo akisoma ubao wa mwanafunzi. Mkojo, jamani. Sikuwahi kuona mtu akiuheshimu mkojo wa mtu mwingine.

Na alizungumza naye. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. "Mama Hodhan, habari ya asubuhi. Ni mimi Kanini. Nakuosha mdomo sasa, usishtuke." Mama Hodhan alikuwa hooyo, kwa kuwa mimi ndimi Hodhan, na hooyo alikuwa amelala macho yamefumba, mrija puani wa kulia chakula, kinyago cha oksijeni usoni, wala Kiswahili asingekielewa hata angekuwa macho. Sista Kanini alimwambia kila kitu kabla ya kukifanya. Alimwomba radhi akimdunga sindano.

Sasa ngoja niwaeleze kosa letu, maana ni kosa ambalo mtu wa kwetu peke yake angelifanya, na aliyelifanya hakuwa mimi tu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, awoowe, babu yangu, alikuwa amefariki nyumbani, nami nilikuwapo. Wazee walipoona roho yake iko njiani, walimlaza ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla, ambayo kwetu ni kaskazini moja kwa moja. Wakamlowesha midomo kwa pamba yenye maji. Mmoja akainama sikioni akawa anamtamkia shahada polepole. Baadaye kidogo wakamfumba macho. Kwa hiyo nilijua mtu anavyoagwa, na nilijua kwa mpangilio wake.

Kichwa cha kitanda cha hooyo kilikuwa upande wa mawio, na dirisha lilikuwa kuliani kwake. Saa nne, asubuhi ya kwanza, Sista Kanini alikuja, akasimama karibu na sikio la hooyo akamnong'oneza, kisha akamgeuza ubavu wa kulia, uso ukaelekea dirishani. Kaskazini. Akamwekea mto mgongoni ili asirudi. Akachovya pamba katika maji, akamlowesha midomo. Na kisha akamtia dawa ya macho, akazishusha kope zake kwa kidole.

Ayeeyo alishika ukingo wa kitanda. Tasbihi iliyokuwa mkononi mwake ikasimama.

"Muulize," akaniambia kwa sauti ndogo. "Muulize kama wakati umefika, tuite watu."

Kiswahili cha swali hilo nilikuwa nacho. Kilihitaji maneno matatu tu: je, mama anakufa? Yalinifika ulimini yakakataa kutoka. Nilihisi nikiyasema nitakuwa mimi niliyeyaleta ndani ya chumba. Nikamwambia Sista, "Ayeeyo anauliza, mama amekula?"

"Mwambie amekula saa mbili, uji kwa huu mrija. Atakula tena saa tano."

Nikamgeukia ayeeyo. "Anasema hapana."

Ayeeyo alitazama lile dirisha. "Mdomo wake unasema hapana," akasema. "Na mikono yake inasema nini?"

Alitoka akaenda kuongea na abti ukumbini, na nilipoona abti akitoa simu mfukoni nilijua anawaita watu.

Jambo la ajabu lilitokea saa sita. Sista Kanini alirudi, akanong'ona tena, akamgeuza hooyo ubavu wa kushoto, uso ukaelekea mlangoni. Ayeeyo hakuelewa, nami sikuelewa. Saa nane akamrudisha kibla. Saa kumi akamtoa. Nilikaa chini ya saa ya ukutani nikipiga hesabu zangu, na kwa akili yangu ya miaka kumi nikaona kwamba yule mwanamke mfupi anabishana na mauti. Anampeleka hooyo mpaka mlangoni kwake, anaona bei haifai, anamrudisha. Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Kila mshale mkubwa ulipokaribia juu niliwaza kwamba siku moja atampeleka upande ule asimrudishe.

Siku ya pili watu wakaja. Walitoka Balambala, walitoka mitaa ya mjini, wakatandika mikeka kwenye kivuli cha ukuta nje ya wodi. Habaryar alikuja na watoto wote wawili, wa kwake na wetu. Wakawa wanaingia wawili wawili, wanamwinamia hooyo, wanamwomba radhi kwa kila walichowahi kumkosea, kama inavyotakiwa kwa mtu anayeondoka. Ndipo nilipojua mengi ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Habaryar alilia akakiri kwamba ile shali ya hariri ya hooyo haikupotea kwenye harusi ya binamu yao. Yeye ndiye aliyeichukua, na bado anayo.

Sista Kanini alifurahi. Alikuwa amezoea, nadhani, wagonjwa wanaotembelewa na mtu mmoja aliye na haraka. Alipoona watu wanapanga foleni kunong'ona sikioni mwa mgonjwa wake, uso ulimng'aa.

"Waambie waendelee hivyo hivyo," akaniambia. "Anasikia. Ni vizuri sana."

Hilo nililitafsiri sawasawa, na ndilo lililoharibu zaidi. "Sista anasema ni vizuri, aendelee kuagwa hivyo, anasikia," ndivyo walivyolipokea, ingawa neno la kuagwa sikulisema mimi. Kilio kikapanda. Jioni ile nilimsikia abti akiulizana na jamaa wa mjini habari za kaburi, kama atazikwa hapa au tumrudishe kwetu.

Mnisamehe nikikaa hapa kidogo. Nimekuwa mtu mzima, nina kazi ya ofisini ya kupiga mihuri na kubishana na watu wasio na fomu, na bado nikikumbuka jioni ile huona haya. Maneno matatu tu. Ningeyasema, muuguzi angejibu, na watu thelathini wasingelia. Lakini niliogopa, na hofu ya mtoto haina wa kuiuliza.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Sista Kanini alimgeuza hooyo upande wa dirisha, akapanga mto mgongoni, akaenda mwisho wa chumba kuchanganya dawa. Ayeeyo alikuwa nje na kichanga. Nilibaki mimi na hooyo. Nikaona uso wake umechoka kuliko jana, midomo mikavu, na nikapiga moyo konde. Roho haitoki mpaka mtu aelekezwe, ndivyo nilivyodhani. Basi mimi ningemtoa kibla. Sikuwa na nguvu za kumgeuza mtu mzima, lakini niliona kinachomshikilia ni mto. Nikaushika kwa mikono miwili, nikauvuta.

Hooyo akabingirika polepole, akalala chali. Nikashusha pumzi. Nilijiona nimefanya kazi.

Kisha kooni mwake kukaanza mlio wa maji. Kifua kikapanda, kikakwama. Ule mlio ukakatika, na kukatika kwake ndiko kulikonitisha. Midomo yake ikaanza kupoteza rangi mbele ya macho yangu, na mashine iliyokishika kidole chake ikaanza kupiga kelele.

Sikumwona Sista Kanini akija. Nilimwona amefika. Alikisukuma kijistuli kando, mkono mmoja ukaingia chini ya taya la hooyo ukaliinua, mwingine tayari umeshika mrija wa kufyonza. "Shika shuka, vuta kuja kwako. Sasa," akaniambia, kwa sauti ileile ya kila siku. Nikavuta kwa uzito wangu wote. Hooyo akarudi ubavuni. Ule mrija ukaingia mdomoni, ukafanya mlio wa mtu anayemaliza soda, ukatoa makohozi mazito, ukaingia tena. Muda wote huo Sista alikuwa akizungumza, na hakuwa akizungumza nami. "Niko hapa, Mama Hodhan. Pumua. Niko hapa. Ingine. Ingine tena."

Hooyo akavuta pumzi kwa kelele, kisha nyingine. Nilitazama midomo yake nikaona rangi inarudi kidogo kidogo. Mikono ya Sista haikutetemeka hata mara moja. Nimewaona watu mashuhuri tangu siku hiyo, nimewaona wakihutubia na kupigiwa makofi, na sijaona tena kitu kama ile mikono.

Alimaliza, akaurudisha mto, akasimama akihesabu pumzi za hooyo huku akitazama saa. Ndipo aliponigeukia.

"Nani ametoa mto?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilianza kulia, na katika kulia nikasema yote, Kiswahili cha darasa la nne kikinivunjikia njiani. Nilimwambia kuhusu awoowe, na kibla, na pamba ya maji, na sikio, na macho. Nilimwambia ayeeyo aliuliza nini na mimi niliuliza nini. Sista Kanini alikivuta kijistuli, akakaa. Nilikuwa sijamwona akikaa tangu tufike.

"Kwa hivyo hizi siku tatu mnafikiri namzika."

"Ndiyo."

"Na hao watu wote wanaingia..."

"Wanamuaga."

Akaweka kiganja mdomoni. "Na mimi nawaambia ni vizuri," akasema taratibu. Nilingoja anipige au anifukuze. Alinifuta pua kwa kipande cha pamba. "Wewe umebeba mzigo mkubwa, mama," akaniambia. "Niitie ayeeyo yako. Na yule mjomba."

Walipoingia aliifunua shuka miguuni, akaunyanyua mguu wa hooyo, akawaonyesha kisigino. Palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kizibo.

"Mwambie bibi," akasema. "Mtu akilala usingizi wa kawaida anajigeuza mwenyewe, hata hajui. Huyu hawezi. Mimi ndio namgeuza. Nisipomgeuza, ngozi inakufa, inaoza mpaka mfupa. Na kifua kinajaa maji. Ndio maana kila masaa mawili."

Nikatafsiri. Safari hii sikuacha kitu. Abti alikunja uso.

"Habana, sista," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sisi nasikia hiyo. Lakini ile ubande ya dirisha ni ya kibla. Wewe naweka yeye huko kwa nini?"

"Baba, mimi hata sijui kibla iko wapi. Mtu ana ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Ningekuwa na mwingine ningetumia."

Ayeeyo hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amekishika kile kisigino kwa mikono yake miwili, akalibonyeza lile doa kwa dole gumba, akalitazama linavyokuwa jeupe na kurudi jekundu. Kisha akaniambia, "Mwambie sista kwamba namjua ng'ombe aliyelala kwa ukame. Akishaanguka hana nguvu za kuinuka. Unamgeuza asubuhi, unamgeuza mchana, unamtandikia majani laini ubavuni. Ukimwacha upande mmoja ubavu unaoza angali anapumua, na hata mvua ikija haimsaidii. Mwambie mimi nimegeuza ng'ombe tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Angeniambia siku ya kwanza kwamba anafanya kazi hiyo."

Nilisita. Sikutaka kumwita hooyo ng'ombe mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kinachotokea nikichagua maneno, kwa hiyo nikayasema yote, ng'ombe na majani na ubavu. Sista Kanini alicheka mpaka akashika kitanda.

"Ni hivyo hivyo kabisa," akasema. "Hata kwetu Kitui tunawainua. Marehemu baba yangu alikuwa anamwekea gunia chini."

Kisha kicheko kikamtoka usoni, akamtazama ayeeyo, ingawa maneno alinipa mimi. "Lakini mwambie simdanganyi. Mgonjwa bado ni mahututi. Mimi sijui kama ataamka, na daktari pia hajui. Kazi yangu ni kwamba akiamka, akute mwili wake uko mzima, unamngoja."

Nilipolitafsiri hilo abti alitoka nje. Nilimwona kupitia dirisha akiwa mikekani, akiwaeleza watu kwa mikono. Wengine walifurahi, wengine wakanuna, kwa kuwa si rahisi kumwomba mtu radhi zote za maisha kisha uambiwe ilikuwa mapema. Habaryar, mwenye shali, ndiye aliyenuna zaidi.

Tangu siku hiyo ayeeyo alivaa gauni la kijani kama langu. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, alikuwa amesimama upande wake wa kitanda kabla Sista hajafika, mikono imeshaoshwa. Sista alimfundisha kushika shuka kwa kuikunja karibu na mwili, na kuinua badala ya kuburuta, kwa maana kuburuta hukwangua ngozi. Alimfundisha kupaka spiriti na poda visiginoni na kiunoni, kwa kuzungusha. Ayeeyo naye alimwonyesha namna ya kutuliza goti kwa blanketi lililokunjwa, kama anavyofanyiwa ndama, na Sista akaiga. Mmoja akisema Kisomali, mwingine Kiswahili, na mara nyingi hawakunihitaji. Nilikaa chini ya saa nikiwatazama, na sijui niite nini nilichokihisi. Nilikuwa nikidhani kuokoa mtu ni kitu kimoja kikubwa, kinachofanywa mara moja na mtu jasiri. Hapa nilikuwa nikikiona kinafanywa kidogo kidogo, saa nne, saa sita, kwa pamba na shuka na mto, na kikianza upya kila kilipomalizika. Nilistaajabu jinsi walivyoweza kukirudia bila kujua kama kitafaa.

Watu nikiwasimulia haya hungoja niseme nikawa muuguzi. Sikuwa. Najijua, sina moyo wa namna ile.

Zilipita siku ambazo hooyo hakubadilika. Homa ikapanda, ikashuka. Daktari alikuja, akasoma karatasi za Sista Kanini mstari kwa mstari, akabadilisha dawa. Doa la kisigino likafifia. Watu wa mikeka wakapungua, wakabaki abti na habaryar.

Kisha ikaja siku moja, saa nane mchana, joto la Garissa limekaa juu ya paa. Asubuhi yake kitanda cha pembeni kilikuwa kimepata mgeni, mwanamke aliyeokotwa barabara kuu baada ya ajali, hana kitambulisho, hana simu, hakuna aliyejua ni wa wapi. Sista Kanini alikuwa na wawili wa kugeuza. Alianza na hooyo.

"Mama Hodhan, saa nane. Tunakugeuza, mimi na mama yako. Usishtuke." Wakazikunja shuka. "Moja," akasema Sista. "Mbili."

Kabla ya tatu hooyo alikuwa mwepesi. Wanawake wote wawili walimhisi, wakasimama na shuka mikononi.

"Nani ameinua?" akauliza Sista.

Nikatazama. Mkono wa hooyo, ule usiokuwa na dripu, ulikuwa umeshika chuma cha kitanda, vidole vimekunjwa, na ulikuwa ukivuta. Macho yalikuwa nusu wazi. Yalitangatanga, yakampata ayeeyo, yakanipata mimi, kisha yakasimama juu ya uso wa Sista Kanini, yakakaa hapo.

"Mama Hodhan," akasema Sista, na sauti ile ambayo haikuwahi kutikisika ikatikisika. "Mimi ni Kanini. Uko hospitali. Umegonjeka sana, lakini umerudi. Mtoto wako ni mzima."

Nikainama sikioni mwa hooyo, nikamwambia kwa lugha yetu, kila neno. Chozi likamtoka kwenye kona ya jicho likaingia katika nywele. Ayeeyo alikwenda chini palepale sakafuni, paji la uso kwenye vigae, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Nami nilimshika hooyo kidole kimoja tu, nikiogopa kushika zaidi.

Sista Kanini alimaliza kumgeuza, akapanga mto, akasikiliza kifua, akaandika. Akaenda kwenye sinki, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida, ametupa mgongo, na mabega yake yalikuwa yakicheza. Kisha akajikausha, akatazama saa ya ukutani, akakisukuma kijistuli kwa mguu hadi kitanda cha pembeni.

"Dada," akamwambia yule mwanamke asiye na jina. "Mimi ni Kanini. Nakugeuza kidogo, usishtuke."

Alikuwa peke yake upande ule, akikusanya shuka, akitafuta atakavyoufikia ukingo wa pili. Ayeeyo akainua kichwa kutoka sakafuni, machozi bado yako kidevuni. Hakuniuliza yule ni nani wala ni wa ukoo gani, yeye ambaye hakuwahi kumwacha mgeni apite bila kumuuliza ukoo. Akanyanyuka, akanawa mikono, akazunguka kitanda, akaishika shuka akaikunja karibu na mwili.

"Moja," akasema ayeeyo kwa Kiswahili. "Mbili. Tatu."